Kifungo Sikioni: Fundi wa Tedi Aliyejua Kushona na Kuhesabu

Kila ikikaribia tarehe 14 Februari, katikati ya Nairobi hubadilika rangi. Wauza maua wanapanga waridi jekundu kando ya njia, na juu ya meza zao, ndani ya karatasi za nailoni, wamekaa dubu wa kushona. Sisi huwaita tedi. Kuna tedi kubwa kama mtoto wa nasari, na kuna ndogo za kuning'iniza kwenye funguo. Nyingi zimetoka viwandani ng'ambo. Lakini kati ya wateja wetu wapo pia wanaozishona wenyewe, kwa mkono, sebuleni, watoto wakishalala. Wanauza kwa status ya simu, wanatuma mzigo kwa boda au kwa matatu ya kwenda mashambani, na pesa inaingia kwa simu.

Swali wanalotuuliza sana ni moja: mbona nauza kila wiki, lakini mwisho wa mwezi sioni pesa?

Si swali geni. Ukifuata historia ya tedi hadi mwanzo wake, unamkuta fundi mmoja wa kike aliyeanza kwa kushona zawadi za bure, akamaliza akiwa na jina linalojulikana dunia nzima. Leo tunakusimulia maisha yake na kazi yake. Tunasimulia kwa sababu mkono wake ulijua kushona, na ulijua pia kuhesabu.

Msichana wa mkokoteni

Margarete Steiff alizaliwa tarehe 24 Julai 1847 huko Giengen, mji mdogo kusini mwa Ujerumani, kando ya mto Brenz. Baba yake alikuwa mjenzi. Alipofika mwaka mmoja na nusu alishikwa na homa, na homa ilipoondoka miguu yake haikupata nguvu tena. Ilikuwa polio. Mkono wake wa kulia nao ukabaki dhaifu na wenye maumivu. Siku hizo hakukuwa na chanjo; chanjo ya polio ilikuja zaidi ya miaka 100 baadaye.

Wazazi wake walimpeleka kwa madaktari, wakamlaza hospitalini mji wa mbali, lakini wapi. Katika mji wa mafundi na wakulima, watu waliona ni msichana wa kulishwa na ndugu zake maisha yake yote. Nani angemwoa? Angefanya kazi gani?

Shule alienda. Ndugu zake na watoto wa jirani walimvuta kwa mkokoteni wa mbao. Akajiunga pia na darasa la ushonaji, ingawa mkono wa kulia ulimchosha haraka. Mwanzoni alikuwa mzito wa kushona, lakini hakuacha. Mwishowe akawa fundi hodari, na dada zake wakafungua naye kazi ya kushona nguo.

Walipopata cherehani, mojawapo za kwanza kabisa hapo Giengen, kukawa na shida nyingine. Gurudumu la cherehani huwa upande wa kulia, na mkono wake wa kulia haungeweza kulizungusha. Margarete aliigeuza cherehani kinyumenyume. Akakaa upande wa nyuma, gurudumu likawa kushoto kwake, na kazi ikaendelea.

Tunapenda sehemu hiyo ya hadithi kuliko zote. Hakungoja mtu atengeneze cherehani ya walemavu. Aligeuza ile iliyokuwepo.

Mwaka 1874 baba yake alitengeneza chumba cha kazi nyumbani, na mwaka 1877 Margarete akafungua duka lake la nguo za felti. Felti ni kitambaa kizito cha sufu iliyoshindiliwa badala ya kufumwa, na mji wa Giengen ulikuwa na kiwanda chake. Aliuza sketi za ndani za kuzuia baridi, makoti ya watoto na vitu vya nyumbani. Kufikia hapo, yule msichana wa mkokoteni alikuwa anajilisha mwenyewe, na ameshaajiri washonaji wengine.

Tembo aliyetolewa bure

Mwishoni mwa mwaka 1879 Margarete aliona katika jarida la mitindo pateni ya tembo mdogo. Akachukua mabaki ya felti na kumshona, akamjazia sufu. Hakukusudia kutengeneza mwanasesere. Tembo huyo alikuwa mto mdogo wa kuchomekea sindano na pini, kitu cha kumfaa mshonaji mwenzake. Alishona kadhaa akawapa jamaa na marafiki kama zawadi.

Kumbe watoto wa nyumba hizo waliwaona tembo hao wakawachukua. Pini zikatolewa, tembo wakaingia kitandani. Wakati huo wanasesere wengi walikuwa wa mbao, bati au kauri, vitu vigumu na vinavyovunjika. Hawakuwa wamezoea mnyama laini ambaye mtoto anaweza kumkumbatia na kulala naye. Watu wakaanza kuuliza: unaweza kunishonea mmoja? Ni pesa ngapi?

Hapo ndipo mafundi wengi wanapokwama. Umeshona tedi ya kwanza kwa upendo, ukampa mtoto wa dada yako. Picha imesambaa kwenye kikundi cha familia. Sasa shangazi anataka moja, binamu anataka mbili, na jirani anasema, "Wewe si unajua tu kushona, nifanyie ya elfu moja." Unaona haya kutaja bei kamili. Zawadi imegeuka kazi, lakini bei bado ni ya zawadi.

Margarete aliweka bei. Ndugu yake mdogo, Fritz, alimsaidia kupeleka tembo hao sokoni, na oda zikaanza kurudi nazo. Kufikia mwaka 1886 walikuwa wameuza tembo zaidi ya 5,000. Tunaweza kutaja idadi hiyo leo kwa sababu kuna mtu aliyeiandika wakati ule. Baada ya tembo wakafuata nyani, punda, farasi, ngamia, nguruwe, panya, mbwa na paka. Mwaka 1893 biashara ikasajiliwa rasmi kama kiwanda cha wanasesere wa felti, na bidhaa zake zikapelekwa kwenye maonyesho ya Leipzig. Kutoka mto wa sindano hadi usajili ni kama miaka 13. Si haraka, lakini kila hatua ilifuatwa na hesabu.

Dubu mwenye viungo

Richard Steiff, mtoto wa Fritz, alisomea sanaa mjini Stuttgart. Huko alikuwa akienda kwenye bustani ya wanyama na kuchora dubu wakicheza na kusimama kwa miguu miwili. Alijiunga na kazi ya shangazi yake mwaka 1897. Mwaka 1902 alimletea wazo la dubu wa kushona anayeweza kuzungusha kichwa, mikono na miguu. Alimwita 55 PB. Namba 55 ni urefu wake kwa sentimita, P ni herufi ya neno la Kijerumani la kitambaa cha manyoya, na B ni ya neno la kuonyesha kwamba viungo vinasogea.

Shangazi hakushangilia. Kitambaa alichotaka Richard kilikuwa cha manyoya ya mbuzi aina ya Angora, ambacho ni laini, kina mng'ao, na ni ghali. Dubu mwenyewe alikuwa mkubwa na mzito. Margarete alihofia kwamba bei ya kumtengeneza ingewafukuza wanunuzi. Ni hofu ya kila fundi anayejua gharama zake, na tunaiheshimu. Hata hivyo alikubali dubu huyo apelekwe Leipzig, kwenye maonyesho ya mwaka 1903.

Sasa tazama bahati ilivyopanga mambo. Miezi michache kabla, Novemba 1902, Rais wa Marekani Theodore Roosevelt alikuwa kwenye safari ya uwindaji jimboni Mississippi. Alikataa kumpiga risasi dubu aliyekuwa amekamatwa na kufungwa. Mchoraji Clifford Berryman akachora kikatuni cha tukio hilo katika gazeti la Washington Post. Wamarekani walimpenda yule dubu. Jina la utani la Roosevelt lilikuwa Teddy, na huko Brooklyn, New York, Morris Michtom na mkewe Rose wakaanza kuuza dubu wa kushona waliyempa jina hilo. Kwa hiyo tedi ilizaliwa mara mbili, karibu wakati mmoja, pande mbili za bahari, na kila upande kulikuwa na mkono unaoshona.

Historia ya kampuni ya Steiff inasema kwamba dubu wa Richard hakuvutia watu wengi hapo Leipzig, hadi mnunuzi kutoka New York alipomwona na kuagiza 3,000. Mwaka uliofuata, kwenye maonyesho makubwa ya St. Louis huko Marekani, wakauza 12,000.

Vipande 21, viungo 5

Kabla hatujafika kwenye pesa, hebu tuangalie kazi yenyewe, kwa sababu bei ya tedi ya mkono huanzia hapa. Mtu ambaye hajawahi kuishona anaona kitambaa na faiba tu.

Tedi ya kienyeji ya mafundi wa dubu ina viungo 5: shingo, mikono miwili na miguu miwili. Pateni ya kawaida ina vipande kama 21. Kichwa kina vitatu: pande mbili, na kipande kirefu cha katikati kinachoanzia puani hadi kisogoni. Ukikosea hicho cha katikati, dubu wako atafanana na panya. Mwili una viwili. Mikono ina sita, ukihesabu viganja. Miguu ina sita, pamoja na nyayo. Masikio yana vinne.

Fundi huchora vipande hivyo upande wa nyuma wa kitambaa. Kwanza hupapasa manyoya ajue yanalalia wapi, kwa sababu yakigeukia juu, dubu anaonekana kama aliyeamka vibaya. Kukata nako kuna adabu yake. Ncha ndogo ya mkasi hupita chini, ikakata mgongo wa kitambaa pekee bila kugusa manyoya. Ukikata kama unavyokata kitenge, utabaki na kingo zilizonyolewa na manyoya yaliyojaa sakafuni.

Kisha ni kushona, kugeuza, na kuweka viungo. Dubu wa kwanza wa Richard waliunganishwa kwa uzi, na uzi ulilegea. Wakajaribu vyuma. Mwaka 1905 wakafika kwenye diski za kadibodi ngumu, moja ndani ya mkono, nyingine ndani ya mwili, zikishikwa pamoja na pini ya chuma. Mafundi wa tedi wa leo bado wanafuata njia hiyo hiyo, ingawa wengi hutumia diski za mbao au plastiki.

Kujaza ndiko kunakochosha mikono. Siku za Margarete walitumia nyuzi nyembamba za mbao, wakazishindilia kidogo kidogo kwa kijiti hadi mwili uwe imara. Leo wengi hutumia faiba. Pua inahitaji kushindiliwa zaidi ya sehemu zote, maana ndipo utakapodarizi. Hatimaye ni uso: macho, pua ya uzi, mstari wa mdomo, masikio. Sogeza jicho nusu sentimita tu na dubu mpole anakuwa mkali. Kama tedi ni ya mtoto mdogo, usitumie macho ya kifungo yanayoweza kung'oka na kumezwa. Darizi kwa uzi.

Huku kwetu ustadi wa aina hii upo. Njoro, katika Kaunti ya Nakuru, wanawake wa kikundi cha Kenana Knitters hufuma wanyama wa kuchezea kwa nyuzi za sufu na pamba, na kazi zao hufika ng'ambo. Na kuna maelfu ya mikono mingine ambayo haijulikani nje ya mtaa wake.

Kifungo sikioni

Turudi Giengen. Dubu waliponoga, kila mtu alitaka kuwatengeneza. Wengine walinakili umbo, wengine wakatumia kitambaa hafifu, na mnunuzi dukani hakujua atofautishe vipi. Jawabu lilitoka kwa Franz, ndugu yake Richard. Mwaka 1904 alipendekeza kila mnyama wa Steiff awekwe kifungo kidogo cha chuma kwenye sikio la kushoto. Vifungo vya kwanza vilikuwa na alama ya tembo, kwa heshima ya yule wa sindano. Baadaye likaandikwa jina. Mwaka 1905 alama hiyo ikawa imesajiliwa.

Kifungo hakikumfanya dubu awe laini zaidi. Kilichofanya ni kumwambia mama aliyeko dukani: huyu ametoka kwa watu fulani, na akichanika mshono unajua wa kuuliza. Kwa fundi, kilimaanisha kwamba ubora wa kazi yake haungeweza kuvaliwa na mwingine.

Katika malipo kwa simu, kifungo chako ni jina lile linalotokea kwenye skrini. Mteja anapoweka till namba yako, kabla hajathibitisha, huona jina la biashara. Kama jina ni lile lile lililo kwenye ukurasa wako na kwenye kitambulisho kidogo ulichoshonea tedi, anatulia na kulipa. Kama tedi zako zinaitwa hivi na pesa inaingia kwa laini ya shemeji yako anayeitwa vingine kabisa, usishangae mteja akisita. Tunamfundisha kila siku asite.

Nawe ukiwa mnunuzi, fanya vivyo hivyo. Soma jina kabla ya kuweka PIN. Ukiona jina usilolitarajia, simama, piga simu, uliza.

Jina la biashara unaweza kulisajili kupitia eCitizen. Kama biashara imekua na unataka kuilinda alama yenyewe isitumiwe na wengine, hiyo ni kazi ya KIPI, taasisi inayosajili alama za biashara hapa Kenya. Hayo ni mambo mawili tofauti, na watu wengi hudhani la kwanza linatosha.

Hesabu ya tedi moja

Kufikia mwaka 1907 kampuni ya Steiff ilitengeneza dubu 974,000 kwa mwaka. Kiwandani kulikuwa na wafanyakazi kama 400, na wengine kama 1,800 walishonea nyumbani. Fikiria: kama kila dubu angeuzwa kwa bei inayopungua gharama kwa senti chache tu, wingi huo ungekuwa msiba. Anayepata hasara kwa tedi moja hasaidiwi na oda kubwa. Anazama haraka zaidi.

Basi tuchukue tedi moja ya kadiri tuihesabu. Bei hizi ni za mfano. Weka zako mwenyewe. Tuseme kitambaa cha manyoya ni shilingi 300. Faiba 120. Macho na uzi wa pua 50. Uzi wa kushonea na diski za viungo 80. Sehemu ya nauli ya kwenda Gikomba au Eastleigh kununua vitu, 50. Mfuko na kitambulisho, 50. Jumla ni shilingi 650.

Umeiuza kwa 1,000. Unasema umepata faida ya 350. Subiri kwanza. Ulikaa nayo masaa mangapi? Kama ni masaa saba, mkono wako umelipwa shilingi 50 kwa saa, na bado hujalipia stima, ada ya kutoa pesa, wala ile tedi moja iliyoharibika ukaitupa.

Sasa jilipe shilingi 100 kwa saa. Masaa saba ni 700. Ukijumlisha na 650 unapata 1,350, na hapo bado hujaweka faida ya kukuza biashara. Kwa hiyo ile "faida" ya 350 ilikuwa mshahara wako ambao haukukamilika. Ndiyo maana unauza kila wiki na huoni pesa. Haijaibiwa na mtu. Hujawahi kuitoza.

Utasema wateja watakimbia. Wengine watakimbia kweli, hasa wale wanaolinganisha tedi yako na ile ya kiwandani iliyoko kwa meza ya barabarani. Lakini una njia. Unaweza kupunguza ukubwa, ukatengeneza tedi ya sentimita 20 inayochukua masaa matatu. Unaweza kukata vipande vya tedi tano kwa siku moja badala ya moja moja. Unaweza kutumia mabaki ya kitambaa, kama Margarete alivyotumia mabaki ya felti. Bei ya chini ikipatikana kwa njia hizo, ni sawa. Ikipatikana kwa kujinyima usingizi bila malipo, hiyo si bei.

Kabla hujakata kitambaa

Kwa mafundi wa tedi na wengine wote wa kazi za mkono wanaolipwa kwa simu, haya ndiyo tunayoona yakiokoa watu.

Tenga pesa. Kuwa na laini au till ya biashara peke yake. Pesa ya tedi ikichanganyika na ya unga na ya karo, hakuna atakayejua ipi ni ipi, hata wewe.

Chukua amana kwanza. Kwa oda ya kushona, omba angalau pesa ya vifaa kabla mkasi haujagusa kitambaa. Tedi iliyodariziwa jina "Baby Wanjiku" haiwezi kuuzwa kwa Baby Achieng. Mwenye nia ya kweli atalipa, na asiye nayo utamjua mapema.

Amini salio lako, usiamini picha. Mteja akikutumia picha ya ujumbe wa malipo, hiyo ni picha tu. Pesa imeingia pale salio lako limeongezeka, au ujumbe umetoka kwetu moja kwa moja na ukiangalia salio unaliona. Boda akiwa mlangoni amewasha pikipiki na mteja anakuharakisha, chukua dakika moja uangalie. Tedi ya masaa saba isiondoke kwa sababu ya dakika moja.

Usirudishe pesa kwa haraka. Mtu akikupigia kwamba ametuma kimakosa, mwambie afuate utaratibu rasmi wa kurejeshewa. Nawe angalia salio kwanza, kwa maana mara nyingine hakuna kilichoingia. Na PIN yako usimpe yeyote, hata akisema amepiga kutoka kwetu. Sisi hatuulizi PIN.

Soma taarifa yako ya mwezi. Hiyo ndiyo daftari yako. Inaonyesha nani alilipa, lini, kiasi gani, na ni kiasi gani ulitoa. Siku utakapotaka mkopo wa kununua cherehani ya pili, au mkataba na duka la vitu vya watoto, ni karatasi hiyo itakayokusemea.

Mkono uliobaki

Margarete Steiff alifariki tarehe 9 Mei 1909, akiwa na umri wa miaka 61, kwa ugonjwa wa mapafu. Hakuwa na watoto. Biashara ilibaki mikononi mwa watoto wa ndugu yake, na makao ya kampuni ya Steiff bado yako Giengen hadi leo, wanyama wake wakiwa na kifungo kwenye sikio la kushoto. Ila wale dubu wa kwanza, 55 PB waliosafiri kwenda Marekani, hakuna hata mmoja anayejulikana kubaki. Walichezewa wakaisha. Kwa tedi, hicho si kifo kibaya.

Jambo linalotugusa ni lile tulilotangulia kusema. Mtoto ambaye mji mzima ulidhani angelishwa na wengine ndiye aliyekuja kulisha nyumba nyingi za mji huo. Hakufika hapo kwa moyo mwema pekee, ingawa alikuwa nao, maana wale tembo wa kwanza walikuwa zawadi. Alifika kwa sababu siku watu walipouliza bei, aliitaja.

Kwa hiyo leo usiku, watoto wakishalala na kabla hujashika sindano, chukua tedi moja uliyoiuza mwezi huu. Andika kitambaa, andika faiba, andika nauli, andika masaa. Kisha fungua taarifa ya malipo kwenye simu yako uangalie ulilipwa ngapi kwa hiyo tedi. Kama hesabu haitoshi, bei ya tedi ijayo unaijua.